Vumbi Jeusi la Freni, na Jinsi ya Kuliosha Bila Kuudhuru Mwili

Ndugu msomaji, tazama gurudumu la mbele la motokari iliyofika leo kutoka safari ya mbali. Juu ya milango kuna udongo mwekundu wa njia, na udongo huo tunaujua. Lakini juu ya janti, yaani kile chuma cha gurudumu, kuna vumbi la namna nyingine. Ni jeusi, ni laini kama unga wa makaa, na ukilipangusa kwa nguo kavu halitoki lote. Na ikiwa motokari ni nyeupe, baada ya majuma machache utaona juu ya rangi yake vidoa vidogo sana vyenye rangi ya kutu, hasa karibu na magurudumu na upande wa nyuma. Watu husema, "Rangi imeoza." Sivyo. Vidoa vile ni chembe za chuma zilizorukia rangi na kushikamana nayo, kisha zikapata maji ya mvua zikashika kutu.

Pengine utauliza, kwa nini kitabu cha hospitali kinafundisha mambo ya magurudumu? Ni kwa sababu ya wale wanaoyaosha. Kila mahali penye mto karibu na barabara kuna vijana wenye ndoo na vitambaa wakingoja motokari na pikipiki. Katika garaji kuna watoto waliotumwa kujifunza kazi, na kazi yao ya kwanza ni kufungua gurudumu na kulisafisha. Wengi wao hupuliza lile vumbi jeusi kwa kinywa, na wengine hulipuliza kwa mashine ya upepo hata hewa yote inakuwa nyeusi. Halafu hucheka wakionyeshana nyuso. Vijana hawa ni watoto wetu. Yafaa wajue wanavuta nini.

VUMBI HILI LATOKA WAPI?

Motokari haisimami bure. Shofere akikanyaga freni (wengine husema breki), vipande viwili viitwavyo plaketi hubana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika motokari nyingine, hasa magurudumu ya nyuma na kamioni za zamani, hakuna sahani, bali kuna chombo kama ngoma, na vipande hubana kutoka ndani. Ni kazi moja tu: kitu kimesuguana na kitu, na mwendo umegeuka kuwa moto. Sugua viganja vyako kwa nguvu utasikia vivyo hivyo.

Sasa fikiri njia yetu ya Bukavu kwenda Uvira. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Basi motokari inayotoka huku kwenda kule, ikipita Ngomo na kushuka Kamanyola, inapoteza karibu mita 700 za urefu. Ikiwa uzito wake ni tani mbili, na shofere akaizuia kwa freni peke yake, moto unaotoka unatosha kuchemsha bidoni mbili za maji, za lita 20 kila moja, tangu maji baridi mpaka yanapotokota. Moto wote huo unaingia katika sahani chache za chuma. Sahani hizo zaweza kupita digrii 300 katika mteremko mrefu. Ndiyo sababu unasikia harufu ya kuungua ukifika chini.

Na kila mara vitu viwili vinaposuguana, vyote viwili huliwa. Plaketi huisha, na sahani huisha pia, ingawa polepole. Kile kilichokwisha hakikupotea. Kimekuwa vumbi. Ndani yake mna chuma kingi, mna makaa, na mara nyingi mna shaba na madini mengine yaliyochanganywa katika plaketi. Chembe za chuma zinaruka zikiwa za moto, kwa hiyo zinaposhuka juu ya janti au juu ya rangi zinashika kama cheche inavyotoboa nguo.

Hapa nitasema neno moja kwa mashofere. Ukishuka mlima kwa vitesi vidogo, ukiacha injini ikuzuie, freni zako zitadumu, janti zako hazitakuwa nyeusi sana, na abiria wako watafika. Yule anayezima injini mlimani ili kuokoa mafuta anajaribu kuokoa faranga chache kwa bei ya watu alio nao ndani.

LINAFANYA NINI KATIKA MWILI?

Kuna vumbi ambalo pua hulizuia. Udongo wa njia una chembe kubwa. Nyingi hunaswa na nywele za pua na kamasi, nawe hupenga au kutema. Lakini chembe nyingi za vumbi la freni ni ndogo mno. Gawanya milimita moja katika sehemu elfu. Unywele wa mtu una unene wa karibu sehemu 70 za namna hiyo. Chembe nyingi za freni hazifiki sehemu 10, na nyingine hazifiki hata sehemu mbili na nusu. Hizi hupita pua, hupita koo, huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, mahali pale ambapo hewa hukutana na damu. Huko hakuna kamasi ya kuzitoa. Mapafu huwaka kidogo kidogo, na mwenye pumu huona mapema kuliko wengine.

Nchi tajiri nazo zimechelewa kulijali jambo hili. Walipigana kwanza na moshi wa bomba, na vumbi la freni wakaliacha. Ni mwaka 2024 tu Umoja wa Ulaya ulipopitisha sheria inayoweka, kwa mara ya kwanza, kipimo cha vumbi ambalo freni za motokari mpya zaruhusiwa kutoa.

Lakini kuna jambo lililo zaidi, na nataka ulisome pole pole. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, plaketi na vipande vya ngoma vilitengenezwa kwa jiwe liitwalo amianti. Wengine huliita asbesto. Ni jiwe la ajabu. Halina umbo la mchanga bali la nyuzi, kama pamba, nalo haliungui. Waliotengeneza freni walilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe nyuzi zake zikiingia katika mapafu haziozi, wala mwili hauwezi kuzila. Hukaa kama miiba. Baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 au 30 au 40, mapafu hukauka na kuwa magumu, au kansa huota ndani yake, au huota katika ngozi nyembamba inayozunguka mapafu. Kansa hiyo ya ngozi ya mapafu karibu haina sababu nyingine ila amianti, na tena ni vigumu sana kuitibu. Mtu aliyevuta amianti na tena avuta sigara, hatari yake ya kansa ya mapafu yazidi sana kuliko ya mwenye moja tu kati ya hayo mawili.

Ufaransa ilikataza amianti mwaka 1997, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zilifungwa na katazo hilo tangu mwaka 2005. Amerika ilikataza namna iliyokuwa ikitumiwa bado, yaani amianti nyeupe, mwaka 2024. Lakini si nchi zote za dunia zimekataza. Na sisi tunanunua motokari za zamani, kamioni za zamani, na vipande vya sokoni visivyo na maandishi, au vyenye maandishi ya uongo. Kwa macho huwezi kujua kama plaketi ina amianti au haina. Hata fundi wa miaka mingi hawezi. Basi shauri lililo salama ni hili: vumbi la freni ambalo hujui limetoka kwa plaketi gani, ulihesabu kuwa lina amianti.

Sisemi hivi ili uiogope motokari yako. Moto wa freni hugeuza nyuzi nyingi za amianti zikawa vumbi lisilo na nyuzi, ingawa si zote. Mtu anayeosha janti zake kwa maji mengi mara moja kwa juma hana sababu ya kukosa usingizi. Anayepaswa kujihadhari sana ni yule anayefungua ngoma, anayepuliza, na hasa anayepiga tupa au msasa juu ya kipande kipya ili kikae vizuri mahali pake, kwa maana vumbi la kipande kipya halijapita motoni. Kazi hiyo, ikiwa ni lazima, kipande kiloweshwe kwanza, tena ifanywe nje, mbali na watoto.

JINSI YA KUOSHA

Jambo la kwanza ni kungoja. Gurudumu lililotoka safari lina moto ndani. Ukimwagia maji baridi sahani iliyo moto, yaweza kupinda au kupasuka, na mvuke utakuunguza mkono. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya janti bila kukiondoa.

Halafu simama upande ambao upepo unakutoka mgongoni. Usipulize. Usipanguse kwa kitambaa kikavu. Usipige kwa brashi kavu. Maji kwanza! Mwaga maji polepole juu ya gurudumu, pole kama mama anavyomwogesha mtoto mchanga, ili vumbi lilowe na kushuka chini, lisiruke. Maji yanayorushwa kwa nguvu nyingi tangu mwanzo hulirusha vumbi pamoja na matone, nawe utalivuta. Likiisha kulowa ndipo utumie sabuni na brashi laini, kwanza upande wa nje, kisha kati ya mikono ya janti, kisha ndani kadiri mkono unavyofika. Suuza tena.

Uwe na ndoo mbili na vitambaa viwili. Ndoo ya magurudumu na kitambaa chake visiguse mwili wa motokari kamwe. Nimeona motokari nzuri iliyojaa michirizi kana kwamba paka ameipanda, na sababu ilikuwa ni kitambaa kimoja tu, kilichosugua janti kwanza na mlango baadaye. Chembe za chuma zilizojificha katika kitambaa hukwaruza rangi kama msasa. Wala usifunge uso wako kwa kitambaa hicho hicho! Tena kitambaa cha kawaida mdomoni hakizuii chembe ndogo tulizozitaja. Maski ngumu za namna ya FFP2 husaidia zaidi, kama zapatikana, lakini msaada mkubwa ni maji.

Wengine huoshea freni petroli, kwa kuwa hukausha upesi. Petroli hushika moto kwa cheche ndogo, na ndani ya freni iliyo moto haihitaji hata cheche. Huingia katika mwili kwa ngozi na kwa pumzi pia, na huharibu mpira wa freni. Maji ya sabuni yatosha.

Ukiisha kuosha, endesha motokari polepole mahali tambarare, ukanyage freni mara mbili tatu mpaka zikauke, kabla ya kuingia barabarani. Usipake mafuta wala kitu cha kung'arisha juu ya sahani ya freni, hata kidogo. Sahani inayong'aa kwa mafuta haizuii gari.

Na kabla ya kumwaga maji machafu, tazama ni gurudumu gani lililokuwa jeusi kuliko mwenzake. Magurudumu mawili ya mbele yapasa kufanana. Likiwa moja jeusi mno na linanuka kuungua, yaelekea freni yake imeshika na haiachi. Likiwa moja safi sana wakati mwenzake ni jeusi, labda halifanyi kazi. Ukiona unyevu wa mafuta ndani ya janti, freni inavuja. Katika hali hizi tatu motokari iende kwa fundi siku hiyo hiyo. Motokari ya hospitali inayobeba mama wa kupasuliwa usiku haifai kungoja.

VIDOA VYA KUTU JUU YA RANGI

Sasa turudi kwa vile vidoa vyenye rangi ya kutu. Osha kwanza mwili wote kwa sabuni na maji, na ukaushe. Kisha uingize mkono wako ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, upitishe vidole polepole juu ya rangi. Utashangaa. Mahali ulipodhani ni laini utasikia punje punje kama mchanga. Hizo ndizo chembe za chuma. Hazitoki kwa sabuni kwa sababu zimeingia katika ngozi ya juu ya rangi.

Hazitoki zote kwa freni. Ukiegesha motokari karibu na fundi wa kuunganisha chuma, cheche zake zitafika juu ya paa na kukaa humo. Ni afadhali kuihamisha.

Katika miji kuna maduka yanayouza udongo maalum, laini kama ugali uliokandwa, ambao hupitishwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni. Unanasa chembe na kuzing'oa bila kukwaruza, mradi mahali pakae na maji na udongo ukunjwe upya kila mara. Ukianguka chini, utupe, maana umeokota mchanga. Kuna pia dawa ya maji inayonyunyizwa. Ikigusa chuma hugeuka rangi ya zambarau, na chembe huyeyuka. Baada ya dakika chache huoshwa kwa maji mengi. Inanuka kama mayai yaliyooza, kwa hiyo itumiwe nje, kivulini, kwa mikono iliyovaa glovu, wala isiachwe ikauke juu ya rangi.

Asiye na vitu hivi asihangaike. Kutu kidogo juu ya paa hakuzuii motokari kwenda. Lakini asitumie wembe, wala ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Sufi hiyo hukwaruza rangi, na tena huacha vipande vyake vipya vya chuma, navyo vitashika kutu baada ya mvua moja. Atakuwa ameondoa kidoa kimoja na kupanda kumi.

MAJI MAKALI

Nimekwisha kuona mikono iliyoungua kwa sababu ya kung'arisha janti. Kijana anaambiwa kwamba maji ya batri huondoa weusi kwa mara moja. Ni kweli yanaondoa. Yanaondoa weusi, yanaondoa na ngozi, na tone moja likirukia jicho laweza kuliondoa nuru yake. Maji ya batri ni asidi. Yabaki katika batri.

Tena baadhi ya dawa za dukani za kusafishia janti zina asidi nyingine mbaya zaidi, yenye floridi. Hiyo ina hila. Pengine siku ya kwanza haiumi sana, lakini inapenya chini ya ngozi mpaka mfupani, na maumivu makali huja baada ya saa nyingi. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na karatasi yake. Ikiwa karatasi ina alama ya mkono unaoliwa na tone, irudishe dukani.

Asidi ikimwagikia ngozi, vua nguo yenye asidi na mwagia maji mara moja, maji mengi, kwa nusu saa. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole na umiminie maji safi vivyo hivyo, ukielekeza maji yatokee upande wa sikio, yasiingie jicho la pili. Usitafute dawa ya kupinga asidi, usipake majivu, wala mafuta, wala dawa ya meno. Ukiisha kuosha, njoo hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari aone jina la kitu kilichokuunguza.

CHEMBE YA CHUMA KATIKA JICHO

Bwana Yesu alipotaja kibanzi katika jicho la ndugu, watu walimwelewa upesi, kwa kuwa kila mtu amewahi kupatwa na kibanzi. Katika garaji zetu mtoaji wa vibanzi ni mwenzako, na chombo chake ni kijiti cha kibiriti, au sindano, au ncha ya nguo aliyojipangusia grisi. Ndugu, usikubali.

Ikiwa vumbi limekuingia tu wakati wa kuosha, usisugue jicho. Nawa mikono kwanza kwa sabuni. Pepesa jicho ndani ya maji safi, au mtu akumiminie maji polepole. Mara nyingi chembe itatoka yenyewe. Isipotoka, au ikiwa jicho linaendelea kuuma, kutoa machozi, au kuogopa mwanga, njoo siku hiyo. Chembe ya chuma iliyokaa juu ya kioo cha jicho huanza kushika kutu humo kwa muda wa siku moja tu, na kutu hiyo huacha duara linalopaswa kuondolewa na mtu mwenye chombo na ujuzi.

Ni jambo jingine kabisa ikiwa ulikuwa ukipiga nyundo juu ya ngoma ya freni iliyogoma, au ukisaga chuma kwa mashine, na kitu kikakuruka kwa nguvu. Kipande kama hicho chaweza kupita mpaka ndani ya jicho na kuacha tundu dogo lisiloonekana. Pengine haliumi sana. Pengine unaona vizuri bado, nawe unarudi kazini. Lakini chuma kinachobaki ndani ya jicho hulitia sumu, na baada ya miezi jicho hufa bila kelele. Basi usiosha jicho hilo, usilikandamize, usitie dawa yo yote. Lifunike kwa kikombe kidogo kisafi au karatasi ngumu iliyokunjwa kama paa la nyumba, kisiguse jicho, na uje mara moja. Maziwa ya mama, maji ya majani na mkojo visitiwe katika jicho lo lote. Vimewapofusha watu ambao chembe yenyewe isingewapofusha.

Miwani ya kazi, hata ile ya plastiki ya bei ndogo, huzuia karibu yote haya. Fundi hukataa akisema inamtoa jasho. Na awe na jasho.

NGUO ZA KAZI

Mama, neno hili ni lako. Mume wako au mwana wako akirudi kutoka garaji, asimbebe mtoto kabla ya kuvua shati. Katika nchi za Ulaya na Amerika madaktari waligundua ugonjwa wa amianti kwa wanawake ambao hawakufanya kazi ya amianti hata siku moja. Walichofanya ni kukung'uta na kufua nguo za waume wao. Usikung'ute nguo hizo. Ziloweshe kwanza katika bidoni au beseni yake, uzifue peke yake, mbali na nguo za mtoto. Maji yake, pamoja na maji ya kuoshea magurudumu, usiyamwage mtoni wala ziwani mahali watu wanapochota, maana yana shaba na mafuta yanayodhuru samaki. Yamwagwe katika shimo mbali na kisima. Wala magurudumu yenyewe yasioshwe ndani ya maji ya mto. Chota, upande juu, uoshee huko.

JUU YA KIKOHOZI

Mafundi na mashofere wengi hukohoa, na wote wana jibu moja: "Ni vumbi tu." Jibu hilo limewachelewesha wengi. Kikohozi kilichopita majuma mawili hakipasi kuitwa vumbi mpaka makohozi yamepimwa, kwa sababu kifua kikuu kipo kati yetu, nacho huanza vivyo hivyo: kukohoa, jasho la usiku, nguo kuwa pana mwilini. Kifua kikuu kina dawa, na kwa kawaida matibabu ni ya miezi sita. Mtu anayesema "ni vumbi" kwa miezi sita hiyo huwaambukiza watoto wake nyumbani na abiria katika motokari yake.

Vivyo hivyo, ikiwa makohozi hayana kifua kikuu, lakini pumzi inakuwa fupi mwaka hata mwaka, au kuna maumivu ya upande mmoja wa kifua, au maji yamejaa kando ya pafu, usimwambie daktari habari za kikohozi tu. Mwambie na kazi yako: ulifungua freni miaka mingapi, ulipuliza kwa kinywa au kwa mashine, wavuta sigara au la. Mwambie hata ikiwa uliiacha kazi hiyo zamani na sasa unalima. Daktari hawezi kuyaona mambo hayo usoni pako, na bila kuyajua huenda akatafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.